Kuumwa, Kuteswa, Kuteseka

Siku Socrates alipokunywa sumu gerezani Athens, mwaka 399 K.K., Plato hakuwepo. Anatuambia hivyo yeye mwenyewe katika Phaedo, mazungumzo aliyoyaandika kuhusu siku hiyo, kwa kifungu kifupi ambacho msomaji mwenye haraka hukiruka: msimulizi wa mazungumzo yale anataja majina ya waliohudhuria, kisha anaongeza kwamba Plato, kwa anavyodhani, alikuwa mgonjwa. Nimeyasoma maandishi hayo mara nyingi tangu nilipokuwa mwanafunzi, na kwa miaka mingi sikuwahi kusimama kwenye sentensi hiyo. Nilikuwa na hamu ya kufika kwenye hoja, hasa ile inayosema kwamba mwili ni kizuizi, kwamba unatuchosha kwa njaa, kwa maradhi, kwa tamaa na kwa hofu, na kwamba mwenye kuipenda hekima kwa dhati hutumia maisha yake yote akijizoeza kufa, yaani akijizoeza kuitenga nafsi yake na mwili. Leo nikiirudia sehemu hiyo, jicho langu huganda palepale kwenye ugonjwa wa Plato. Andiko lililowafundisha wengi kuudharau mwili liliandikwa na mtu ambaye mwili wake ulimzuia kumuaga mwalimu wake.

Kuna jambo jingine katika kurasa hizo. Kabla ya hoja zote, Socrates anaketi kitandani, anaukunja mguu na kuusugua kwa mkono. Pingu zimetoka kufunguliwa asubuhi ile, na pale zilipokuwa zimembana pana maumivu ambayo sasa yanageuka kuwa raha. Anastaajabu jinsi viwili hivyo vinavyofuatana, mithili ya viumbe vilivyounganishwa kichwa. Mazungumzo ya siku ile kuhusu nafsi isiyokufa yalianzia mguuni.

Nayasema haya kwa sababu miaka 3 iliyopita mgongo wangu ulinilaza chini. Sikuanguka wala sikubeba mzigo mzito. Nilikuwa nimeketi mezani, kalamu ikaniponyoka, nikainama kuiokota, na kabla vidole havijaigusa kitu kikanikata kutoka kiunoni hadi kwenye dole gumba la mguu wa kushoto, kama waya wa moto uliovutwa kwa ghafla. Nilijilaza chali sakafuni kwa kuwa ndiyo hali pekee iliyonipa nafuu, nikakaa hapo tangu saa 3 asubuhi hadi watu wa nyumbani waliporudi jioni. Kutoka pale niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa miaka 11, nao ni upande wa chini wa meza yangu. Mbao zake hazikupigwa randa. Palikuwa na tone la gundi lililokauka likining'inia, na namba 47 iliyoandikwa kwa penseli, bila shaka na fundi aliyekuwa akipima. Juu ya mbao zile nilikuwa nimesoma na kuandika mengi kuhusu mwili na nafsi, na siku ile sikuweza kukumbuka hata hoja moja. Sikuzikana, hazikuja tu. Nafasi yote ilikuwa imekwisha kuchukuliwa.

Katika masomo yetu ya falsafa lawama za kuutenga mwili na nafsi huangushiwa mwanafalsafa wa Ufaransa, René Descartes, na kwa kiasi fulani anastahili. Lakini maumivu yalimsumbua kuliko watu wanavyokumbuka. Mwaka 1641, katika tafakuri yake ya sita, baada ya kazi ndefu ya kuthibitisha kwamba yeye ni kitu kinachofikiri na kwamba mwili ni kitu kingine kabisa, anakiri kwamba maumivu, njaa na kiu humfundisha kuwa hayumo mwilini kama baharia alivyomo chomboni. Baharia akiona ubao umepasuka, huona tu; hapigi ukelele kama mtu aliyepasuka ubavu. Sisi tukijeruhiwa hatulitazami jeraha kwa mbali, tunaumia. Descartes alijua pia habari za msichana aliyekatwa mkono uliokuwa umeoza, akafichwa jambo hilo kwa kufungwa vitambaa mahali pa mkono, naye akaendelea kulalamika kwamba vidole vinamuuma, vidole ambavyo havikuwepo tena. Mtu aliyeyajua haya yote alikuwa na kila sababu ya kurudi mwanzo na kuanza upya, na hakufanya hivyo mpaka mwingine alipomsukuma.

Aliyemsukuma ni Elisabeth, binti wa mfalme wa Bohemia aliyepoteza ufalme wake, akiishi uhamishoni Uholanzi. Mwezi Mei 1643, akiwa na umri wa miaka 24, alimwandikia Descartes na kumwuliza nafsi, kama kweli haina umbo wala haigusi kitu, inawezaje kuusogeza mwili. Wanafunzi wa falsafa hulijua swali hilo, na mara nyingi habari za Elisabeth huishia hapo. Mimi navutiwa zaidi na barua za mwaka 1645. Elisabeth alikuwa na homa isiyokatika na kikohozi kikavu. Descartes alikisia kwamba chanzo chake ni huzuni, akamshauri aiondoe akili yake kwenye mambo ya kuhuzunisha, kisha wakaanza kujadiliana kwa barua maandishi ya Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, kuhusu maisha ya furaha. Elisabeth alijibu kwa adabu kubwa, wala hakurudi nyuma. Alimkumbusha kwamba ana mwili, na kwamba mwili huo hupokea huzuni upesi na hauachi kuugua kwa kuamriwa. Mwezi Agosti alikwenda mbali zaidi, akaandika kwamba yako maradhi yanayoondoa kabisa uwezo wa kufikiri, na yakiuondoa huo yanaondoa pamoja nao ile furaha ambayo akili ilitarajiwa kutupatia.

Kwa maoni yangu hakuna pingamizi zito zaidi ya hilo dhidi ya falsafa inayomtaka mgonjwa ajiinue juu ya maumivu yake kwa nguvu ya fikra. Ushauri wa aina hiyo unachukulia kwamba ndani ya kila mtu kuna chumba kimoja ambacho ugonjwa haukiingii, na kwamba mwenye busara hukimbilia humo na kufunga mlango. Elisabeth alisema, kwa uzoefu wa homa yake mwenyewe, kwamba chumba hicho hakina mlango. Nilimwelewa vizuri nilipoandikiwa dawa ya kutuliza neva. Kwa wiki 6 nilikuwa nikitafuta maneno ya kawaida bila kuyapata. Usiku mmoja nilitaka kuomba mto wa kuweka chini ya magoti, na neno mto halikuja. Nilionyesha kwa mikono, nikiuchora hewani, huku nikijua fika ninachokitaka na machozi yakinilengalenga kwa fedheha. Anayefikiri ndani yangu alikuwa ameguswa na kidonge.

Lugha yetu haikumsubiri Elisabeth. Kwa Kiswahili mtu mgonjwa anaumwa. Tumelizoea neno hilo kiasi kwamba hatulitafakari tena, lakini shina lake ni kuuma, kitendo cha meno. Mgongo unaniuma, kichwa kinamuuma: katika sentensi hizi kiungo ndicho mtenda, na mwenye mwili ndiye mtendwa. Siku za afya mambo huwa kinyume. Ninainama, ninanyoosha mkono, ninatembea, na katika kutenda huko kote mgongo hautajwi popote. Mwili haujawa kitu kilichowekwa mbele yangu nikitazame. Ndio mahali ninapotendea kila jambo, kama alivyoonyesha Maurice Merleau-Ponty mwaka 1945 kwa uvumilivu ambao wanafalsafa wachache wameutumia juu ya mwili. Mgongo huanza kutajwa pale unapougua, na ukishatajwa unakuwa mtenda. Ajabu ni kwamba anayeniuma si mgeni aliyeingia kutoka nje. Ni mimi, na papo hapo si mimi, na sarufi inayabeba yote mawili bila kutetereka.

Tena maumivu tunayasikia, kama tunavyosikia sauti, na mgonjwa huulizwa anajisikiaje. Daktari mpasuaji wa Ufaransa, René Leriche, alisema mwaka 1936 kwamba afya ni maisha katika ukimya wa viungo. Nilipokutana na kauli hiyo nilihisi imetungwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili, maana sisi tumo ndani yake tayari: mwenye afya hasikii kitu, na mgonjwa ni yule ambaye viungo vyake vimeanza kusema naye hana masikio ya kuziba.

Ugumu ni kwamba anayesikia ni mmoja tu. Daktari wa kwanza aliniuliza maumivu yangu ni mangapi kati ya 0 na 10. Nilisema 6, kwa sababu nilihofu kwamba 8 ingeonekana kama kudeka, naye akaandika 6 na kuendelea na swali lililofuata. Kisha ikaja picha ya MRI iliyoonyesha diski iliyo kati ya pingili mbili za chini za uti wa mgongo imetokeza na kubana mzizi wa neva. Niliishika picha ile kama mtu anayeshika hati ya ushahidi. Hatimaye kulikuwa na kitu ambacho wengine wangeweza kukiona. Lakini miezi 9 baadaye, maumivu yalipokuwa yamepungua kwa zaidi ya nusu, picha ya pili ilionyesha diski ileile, imetokeza karibu vilevile. Baadaye nilisoma kwamba watafiti waliowapiga picha watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1994, walikuta zaidi ya nusu yao wana diski iliyotokeza angalau mahali pamoja. Picha inaonyesha diski. Maumivu hayamo humo. Chama cha kimataifa cha watafiti wa maumivu kiliporekebisha fasili yake mwaka 2020 kiliyaeleza maumivu kuwa ni jambo linalompata mtu katika hisia za mwili na za moyo kwa pamoja, na kikaongeza kwamba mtu akisema anaumwa, kauli yake inapaswa kuheshimiwa. Wahenga walikwisha kusema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilikuwa nikidhani methali hiyo inawaonya wasengenyaji. Sasa naiona kuwa ni kauli kuhusu elimu na mipaka yake, na ni kauli ya kweli.

Ibn Sina namheshimu hapa kuliko wengi, kwa kuwa ndani yake walikuwamo watu wawili ambao hawakuachana. Mwanafalsafa alituomba tumfikirie mtu aliyeumbwa mara moja akiwa mzima, anayeelea hewani, macho yamefunikwa, viungo havigusani wala haviguswi na kitu, na akadai kwamba mtu huyo bado angejua kwamba yupo. Tabibu, katika kitabu chake kikubwa cha utabibu, aliorodhesha aina 15 za maumivu, akitofautisha yanayowasha na yanayodunga, yanayobana na yanayopekecha, yanayopwita, ya ganzi na ya uzito. Yule anayeelea hewani hana hata moja kati ya hayo 15. Najiuliza kama kweli huyo ni mtu, au ni kile kinachobaki mtu akishaondolewa. Orodha ya tabibu, kwa upande wake, ilinifundisha kuacha kusema 6. Kwa daktari wangu wa pili nilitumia maneno tuliyo nayo, nikamwambia kwamba kiunoni ni kichomi, pajani ni mchonyoto, usiku panafukuta, na kwenye dole gumba hakuna maumivu kabisa bali ganzi. Aliweka kalamu chini na kusikiliza. Kila neno lilimwambia jambo tofauti, na ile namba ilikuwa imeyafuta yote.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo limeniwia zito kuliko hilo la mwili, nalo ni maana. Hapa pia naomba nianze na neno. Kutoka kitenzi kutesa tumepata kuteswa, na tumepata pia kuteseka. Ukisema fulani anateswa, msikilizaji ana haki ya kuuliza anateswa na nani. Ukisema anateseka, swali hilo halina pa kushika. Hali imeelezwa, mtenda hayupo, wala sentensi haina pengo la kumsubiri. Lakini nomino ya mateso tunaitumia kwa yote mawili, na nadhani mkanganyiko mwingi umezaliwa hapo. Tunaanza na mtu anayeteseka, tunaliita jambo lake mateso, na neno hilo likishatamkwa tunaanza kumtafuta mtesaji: dhambi aliyoitenda, jaribu aliloletewa, hatima, hasira aliyoificha, au uzembe wake mwenyewe katika kukaa na kuinama. Mimi niliambiwa yote hayo, na watu walionipenda.

Mimi ni mtu wa imani, na sitaki kudharau faraja ambayo imani humpa mgonjwa. Lakini katika kisa cha Ayubu kuna mpangilio wa matukio ambao tunausahau. Rafiki zake watatu walipofika na kumwona, waliketi naye chini siku 7 mchana na usiku, na hakuna aliyemwambia neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Hadi hapo hawana kosa. Makosa yalianza walipofungua vinywa kueleza kwa nini. Maelezo yao yalikuwa ya kichamungu, yamepangwa vizuri, na kwa sehemu kubwa ni yale yale tunayoyasikia leo karibu na vitanda vya wagonjwa. Na mwisho wa kisa Mungu anawaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa. Ayubu aliyelalamika na kupaza sauti ndiye aliyehesabiwa kuwa amenena ya kweli.

Kosa la upande wa pili lipo pia, na huenda ni baya zaidi, maana humfaa mwenye nguvu. Yako mateso ambayo kweli yana mtesaji, nasi tunayazungumza kana kwamba yalitokea tu, kama mvua. Mwandishi Jean Améry alikamatwa mwaka 1943 na kuteswa na polisi wa Ujerumani ya Hitler katika ngome ya Breendonk, Ubelgiji. Walimning'iniza kwa mikono iliyofungwa kwa nyuma hadi mabega yakateguka. Alipoandika kuhusu jambo hilo mwaka 1966 alisema kwamba pigo la kwanza tu humpokonya mtu imani yake kwa ulimwengu, kwamba anayeteswa hugeuka kuwa mwili mtupu, na kwamba aliyewahi kuteswa hubaki kuwa ameteswa. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba binadamu wote huteseka ni kumsaidia mtesaji kujificha. Falsafa inayozungumza juu ya mateso bila kwanza kuuliza kama kuna mkono ulioyashika imeanza vibaya, hata ikiwa itamalizia kwa maneno mazuri.

Nami sikuwa na mtesaji. Nilikuwa nateseka, na nilitaka sana pawe na sababu. Friedrich Nietzsche aliliona hilo waziwazi mwaka 1887, alipoandika kwamba kilichomlemea binadamu hakikuwa kuteseka kwenyewe bali kuteseka pasipo maana, na kwamba binadamu yuko tayari kuyapokea mateso, hata kuyatafuta, ilimradi aonyeshwe ni ya nini. Aliyajua anayoyasema. Mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 34, alikuwa amelazimika kuacha kufundisha chuo kikuu cha Basel kwa sababu ya maumivu ya kichwa, kutapika na macho yaliyokaribia kushindwa kabisa. Aliwahi hata kushuku kwamba falsafa yote hadi wakati wake ilikuwa ni mwili ulioeleweka vibaya. Hayo nayakubali. Kinachonishinda ni ile sentensi yake ndogo isemayo kwamba kisichoniua hunitia nguvu, ambayo sasa watu hutumiana kama salamu za kumtakia mgonjwa heri. Yeye mwenyewe alianguka Turin mwezi Januari 1889, akaishi zaidi ya miaka 11 bila akili yake kumrudia.

Mimi pia maumivu hayakunitia nguvu, na ni lazima niseme yalinifanya nini. Katika mwezi wa pili wa ugonjwa, mwanangu aliyekuwa na miaka 4 alikuja mbele yangu nikiwa nimesimama nimeshika ukingo wa mlango, akanyoosha mikono yote miwili juu, kimya, kama alivyozoea akitaka kubebwa. Nilimwambia aondoke, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwake. Alishusha mkono mmoja kwanza, kisha mwingine, akanitazama, akaondoka. Hakuninyooshea mikono tena kwa muda mrefu hata nilipokuwa nimepata nafuu. Kama ningekuwa mtakatifu labda maumivu yale yangenisafisha. Kwangu yaliyapunguza mapenzi yangu hadi yakawa na upana wa mgongo wangu. Wapo wanaotoka kwenye maradhi wakiwa wapole na wenye huruma zaidi, nimewaona, lakini siamini kwamba ugonjwa ndio uliowapa upole huo. Nadhani waliuokoa kutoka kwa ugonjwa, kama mtu anavyookoa kitu kwenye nyumba inayoungua, na sifa ni zao.

Mwanafalsafa Emmanuel Levinas, ambaye ndugu zake waliuawa Lithuania katika vita kuu ya pili huku yeye akiwa mateka wa kivita Ujerumani, aliandika mwaka 1982 kwamba maumivu kwa asili yake hayana faida, ni ya bure, na kwamba kuyahalalisha maumivu ya jirani ndiko chanzo cha uovu wote. Msomaji akiishia hapo atadhani ametunyima kila kitu. Lakini anaacha mlango mmoja. Ninaweza kuyapa maana maumivu yangu mimi, hasa pale ninapoumia kwa sababu mwingine anaumia; siwezi kamwe kuyapa maana maumivu yako kwa niaba yako. Tofauti hiyo ya nafsi ya kwanza na ya pili, yaani ya mimi na wewe, ndiyo niliyokuwa nikiitafuta bila kuijua. Mgonjwa akisema, ugonjwa huu ulinifundisha subira, anasema jambo ambalo sina haki ya kulipinga. Nikimwambia mimi, ugonjwa huu umekuja kukufundisha subira, maneno ni karibu yaleyale, na nimetenda ukatili.

Sasa kama sina maana ya kumpelekea, nimpelekee nini? Mwanafalsafa Simone Weil, aliyeumwa kichwa kwa miaka na aliyekwenda kwa hiari kufanya kazi viwandani kati ya 1934 na 1935 ili ajue mwilini mwake kile ambacho wengine walikisoma vitabuni, alisema kwamba kumpenda jirani kwa ukamilifu ni kuweza tu kumwuliza unasumbuliwa na nini. Kwetu ni swali la kila siku, unaumwa nini, na kwa sababu ni la kila siku tunaliuliza tukiwa tumeshaanza kuondoka. Weil aliliona kuwa gumu mno, karibu muujiza, kwa kuwa anayeuliza kwa kweli inambidi aiache nafsi yake wazi na kungoja. Naongeza neno moja letu. Kutoka kulala tuna kulaza, yaani kumfanya mtu alale. Kutoka kuugua tuna kuuguza, na kwa umbo lake lingepaswa kumaanisha kumfanya mtu augue, lakini hakuna msemaji anayelielewa hivyo. Kuuguza ni kukaa na mtu ndani ya kuugua kwake, kumgeuza, kumwosha, kumngojea usiku. Anayeuguza haondoi ugonjwa. Hilo ni kuponya, nalo lina neno lake. Watu wa nyumba yenye mgonjwa wakiulizwa habari husema tunauguza, na hapo kuugua kwa mmoja kunakuwa kitenzi cha wengi.

Dada yangu, aliyenizidi miaka 9 na ambaye hajasoma ukurasa mmoja wa falsafa, alikuja kukaa nami katika mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Kwa kuwa nilikuwa sakafuni, naye aliketi sakafuni. Daktari alikuwa ametuambia tuangalie kama hisia zitarudi kwenye dole gumba, basi kila jioni aliuweka mguu wangu wa kushoto mapajani mwake na kulibana dole kwa ukucha.

Katika ukurasa wa mwisho wa simulizi la Plato, mtu aliyeleta sumu anafanya jambo kama hilo. Anaubana mguu wa Socrates kwa nguvu, anamwuliza kama anasikia, na Socrates anasema hapana. Kisha anapanda kwenye miundi, akiwaonyesha waliokuwapo jinsi ubaridi na ukakamavu unavyopanda. Mtu huyo hana jina, wala hana hoja yoyote. Kati ya wote waliokuwa chumbani, yeye ndiye aliyekuwa na mkono juu ya mwili wa mwanafalsafa.

"Unasikia, mdogo wangu?" dada aliuliza.

"Sisikii, dada."

"Haya. Kesho."

Tuliulizana na kujibizana hivyo kwa siku 23, bila yeye kunieleza lolote kuhusu sababu. Siku ya 24 alibana, akauliza, nami nikasikia kitu kwa mbali sana, kama kinachogusa kupitia blanketi nzito. Nikamwambia. Hakusema neno, aliusogeza ukucha polepole hadi upande wa pili wa dole, akabana tena.